Lugha ya Fumbo la Mashua na Mkondo

Miongoni mwa mafumbo ya aljebra yanayowatatiza wanafunzi, lile la mashua na mkondo lina sifa ya pekee: hesabu yake ni nyepesi, lugha yake ndiyo nzito. Tuchukue mfano huu: Mashua ilikwenda saa 2 ikifuata mkondo wa mto, ikafika kijiji kilicho umbali wa kilomita 24, kisha ikarudi kwa saa 3. Tafuta kasi ya mashua na kasi ya mkondo.

Kasi ya mashua ikiwa k, na ya mkondo m, wakati wa kwenda mkondo huisukuma mashua: k + m = 12. Wakati wa kurudi huipinga: k − m = 8. Milinganyo hiyo ikijumlishwa, m hutoweka, hubaki 2k = 20. Basi k ni kilomita 10 kwa saa, na m ni 2.

Lakini ni kasi ipi hasa iliyoulizwa? Mtu aliyesimama ukingoni aliiona mashua ikienda kwa 12, kisha kwa 8. Ile 10 hakuiona kamwe, kwa kuwa ni kasi ya mashua katika maji yaliyotulia. Maneno hayo hayamo katika fumbo. Mwanafunzi anayejibu 12 amesoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, naye huhesabiwa kuwa hajui hisabati.

Tatizo halikomi hapo. "Ilikwenda saa 2" huweza kueleweka kuwa iliondoka asubuhi, saa mbili, au kuwa ilisafiri muda wa saa mbili. Neno "mwendo" nalo lina uzito zaidi: mwendo mrefu ni umbali, mwendo wa kobe ni kasi, na mwendo wa saa mbili ni umbali unaopimwa kwa muda. Vipimo vyote vitatu ambavyo aljebra hutaka kuvitenganisha vimekaa katika neno moja. Hata "kasi" katika mazungumzo ni wepesi. Kobe hana kasi, ilhali katika hisabati anayo. Huu si upungufu wa Kiswahili, bali ni uzembe wa watungaji wa mafumbo wasiochagua baina ya "umbali", "muda" na "kasi".

Mzigo huo humwelemea zaidi mwanafunzi wa Kaplong, penye njia panda ya barabara za Kericho, Kisii na Bomet. Nyumbani husema Kikipsigis, sokoni Kiswahili, na hisabati ya madarasa ya juu hufundishwa kwa Kiingereza. Zaidi ya hayo, Mto Kipsonoi, ambao maji yake huishia Mto Sondu na hatimaye Ziwa Viktoria, si njia ya mashua. Mwalimu huenda akashawishika kuweka lori la majani ya chai lipandalo na kushuka mlima mahali pa mashua. Mfano huo hauafiki: mteremko hauliongezei lori kasi ileile ambayo mlima huipunguza. Afadhali kijiti. Kikitupwa Kipsonoi, huchukuliwa na maji bila nguvu yake chenyewe. K yake ni sifuri, na mwanafunzi akipima hatua na sekunde ukingoni atakuwa ameiona m peke yake, bila mashua yoyote.

Limebaki kosa moja ambalo halitokani na lugha. Wengi hudhani kwamba mkondo, kwa kuwa husaidia na kupinga kwa kiasi kilekile, hujifuta. Hivyo kilomita 48 za kwenda na kurudi zigawanywe kwa 10, zipatikane saa 4.8. Mashua ilitumia saa 5, kwani ilipingwa kwa saa 3 na kusaidiwa kwa saa 2 tu. Wastani wake ni 9.6. Na kama mkondo ungekuwa na kasi ya 10, mashua ingefika kijijini kwa saa 1 na dakika 12, lakini katika kurudi mpiga makasia angetoka jasho kutwa nzima akiukabili mti uleule wa ukingoni.