Mayowe Ndani ya Seli

Huenda neno "interferoni" ni geni masikioni mwako, lakini wazee wetu walilisikia mwaka 1990 dawa iitwayo Kemron ilipotangazwa Nairobi. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliyoongozwa na Dakta Davy Koech, ilisema kwamba interferoni kidogo mno ikiyeyushwa kinywani inawapa nafuu wagonjwa wa UKIMWI. Enzi hizo kupatikana na virusi hivyo kulikuwa kama kuhukumiwa kifo, kwa hivyo usishangae watu walivyoshangilia.

Niliposoma habari hizo nilitaka kujua kitu chenyewe ni nini hasa. Kumbe si mzizi wala si kemikali ngeni! Ni protini inayotengenezwa na seli za miili yetu wenyewe. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957, walipoona kwamba seli za yai la kuku zikiguswa na virusi vya mafua vilivyouawa hutoa kitu kinachozikinga seli nyingine.

Hebu tuje nyumbani. Hapa kwetu Manga, maboma yamejengwa karibu karibu, juu mlimani hadi chini bondeni. Mwizi akiingia boma moja usiku, mwenyewe hupiga mayowe. Pengine yeye ataibiwa, lakini majirani watakuwa wameshakomea milango na kushika rungu. Basi interferoni ndiyo mayowe hayo.

Je, seli inamjuaje mwizi? Ndani yake mna protini mlinzi iitwayo RIG-I. Kazi yake ni kukagua RNA, yaani nyuzi zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini. Seli huzivika nyuzi zake kofia kwenye ncha. Virusi kadha wa kadha, kama vile vya mafua, huleta nyuzi zisizo na kofia. Mlinzi akiona kichwa wazi tu, habari hupelekwa upesi, interferoni ikatengenezwa na kumwagwa nje. Ikiigusa seli jirani, mamia ya jeni huamka. Protini moja, PKR, hufunga kiwanda cha protini pindi virusi vinapoingia, visipate pa kuzaana. Nyingine huikatakata ile RNA. Haya hufanyika kwa saa chache, ilhali kingamwili za kumlenga adui mgeni huchukua siku kadhaa kuwa tayari. Na ile homa na maumivu ya viungo ukishikwa na mafua? Sehemu yake ni mayowe haya haya, si virusi peke yake.

Lakini nionavyo mimi, ajabu kubwa zaidi ni yule anayeyanyamazisha. Umati ukishajaa uwanjani hata asiye na hatia hupigwa, nasi huku Gusii twalijua jambo hilo vizuri sana. Kwa sababu hiyo seli ina protini nyingine, USP18, ambayo hukaa pale seli inaposikilizia interferoni na kuliziba sikio. Mwaka 2016 wanasayansi walieleza habari za watoto waliozaliwa bila USP18. Bongo zao zilikuwa zimeharibika kana kwamba waliambukizwa tumboni mwa mama, ilhali virusi havikupatikana. Mayowe tupu, bila mwizi.

Tuirudie Kemron. Huko Uganda wagonjwa zaidi ya 500 waligawanywa: wengine wakapewa interferoni ya kinywani, wengine kitu kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998, na hapakuwa na tofauti ya maana. Dawa zinazowaweka hai wenye virusi hivi leo hushambulia kazi za virusi vyenyewe.

Hata hivyo interferoni si bure. Mwaka 2014 ilichapishwa habari ya kima wa aina ya rhesus waliodungwa interferoni kwa wingi kabla ya kuguswa na virusi vya jamii ya UKIMWI. Mwanzoni ilikuwa vigumu zaidi kuwaambukiza. Sindano zilipoendelea wiki baada ya wiki, seli zao zikaacha kuitikia, na kima hao wakadhoofika zaidi kuliko wale ambao hawakupewa interferoni. Masikio yalikuwa yameshazibwa.