Je, Wajua Kilichokuwa Ndani ya Utambi wa Karabai?

Omena wanaopimwa kwa gorogoro katika soko la Busia huvuliwa usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi. Wavuvi wa Sio Port na Port Victoria huelesha taa ziwani, samaki wakavutwa na mwanga, kisha nyavu zikawazunguka. Siku hizi taa nyingi ni za betri na sola. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya karabai, na karabai nyingi zilibeba elementi yenye mionzi: thoriamu.

Haikuwa kwenye mafuta wala kwenye tangi. Ilikuwa kwenye utambi, kile kifuko cheupe cha wavu kinachofungwa kwa uzi juu ya kichomeo. Ukikiwasha mara ya kwanza, nyuzi huungua zote, moshi ukatoka, kifuko kikanywea. Kinachobaki ni gamba la oksidi linalobomoka hata ukiligusa kwa njiti ya kiberiti.

Mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, alibuni utambi wa aina hii mwaka 1885. Kufikia 1891 alikuwa amepata mchanganyiko uliodumu kwa karibu karne nzima: asilimia 99 oksidi ya thoriamu, asilimia 1 oksidi ya seriamu. Thoriamu ilichaguliwa kwa ustahimilivu wake, maana oksidi yake haiyeyuki hata joto likifika nyuzi 3,000 za Selsiasi. Mionzi haikuwa na kazi yoyote katika taa. Ilikuwa abiria aliyedandia lori bila kulipa nauli. Wala Auer hakuijua. Ni mwaka 1898 ndipo Gerhard Schmidt na Marie Curie, kila mmoja kivyake, walipogundua kwamba thoriamu hutoa mionzi.

Thoriamu haina haraka. Nusu ya atomi zake huchukua miaka bilioni 14 hivi kumeguka, muda unaozidi umri wa ulimwengu wenyewe. Hata hivyo atomi ni nyingi mno, kiasi kwamba katika robo gramu tu, takribani 1,000 humeguka kila sekunde. Chembe za alfa zinazoruka huzuiwa na karatasi, au na ngozi ya juu ya mkono wako, kwa hiyo kuushika utambi si jambo la kutisha. La kuogopa ni vumbi lake likiingia mapafuni.

Na si kitu cha ugenini. Ukiwa Malaba, tupia macho upande wa Uganda uone mwamba wa Tororo. Karibu na mji huo kuna vilima vya Sukulu, vinavyojulikana zaidi kwa fosfeti ya mbolea, lakini ambavyo pia vina pirokloro, madini ya niobi yanayobeba urani na thoriamu. Huko Kwale, udongo wa kilima cha Mrima una thoriamu ya kutosha kupandisha mionzi ya kawaida ya mahali pale.

Kwa wanaocheza na sayansi nyumbani, utambi wa zamani ulikuwa hazina. Uliwekwa juu ya filamu ya picha mahali penye giza totoro, ukaachwa kwa wiki kadhaa. Filamu ikisafishwa, ule wavu ulionekana umejichora wenyewe. Jaribio zuri, na lingepaswa kuishia hapo. David Hahn, kijana skauti wa Michigan, Marekani, hakuishia hapo. Alikusanya tambi kwa wingi, akaongeza amerisiamu ya vitambua moshi, akitaka kuunda tanuri la nyuklia katika kibanda cha nyumbani kwa mama yake. Polisi walimsimamisha mwaka 1994. Mwaka uliofuata maafisa waliovaa mavazi ya kinga walikibomoa kibanda na kukipeleka Utah ndani ya mapipa. Tanuri halikuwahi kufanya kazi. Uchafu wa mionzi ndio uliopatikana.

Katika miaka ya 1990 watengenezaji kadhaa walianza kutumia itriamu, isiyo na mionzi, ingawa wapenzi wa karabai hulalamika kwamba mwanga wake ni hafifu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha tambi hizo mbili; kipimamionzi cha Geiger kitakuambia mara moja. Kama huna, chukulia kwamba uliokuta kwenye pakiti kuukuu ni wa thoriamu: ubadilishie nje, usiyapulize majivu yake, na unawe mikono kabla ya kugusa ugali.