Barua Pepe Ikishavuka, Nani Anaimiliki?

Karani wa mishahara amebonyeza "Tuma", na hapo hapo anaona kwamba programu imemjazia anwani ya mteja badala ya mhasibu, kwa kuwa majina yao yanaanza sawa. Anahaha kutafuta kitufe cha kuirudisha barua. Huenda akakikuta, huenda asikikute. Na hata akikikuta, mara nyingi hakifanyi kile anachokitarajia. Kwa nini? Jibu limo katika mazungumzo mafupi ya mashine mbili ambazo yeye hazioni.

Mazungumzo hayo yanafuata itifaki ya SMTP, iliyochapishwa na Jon Postel mwezi Agosti 1982. Programu ya barua pepe huikabidhi barua kwa seva ya mtumaji. Seva hiyo huuliza kwenye DNS, daftari la anwani la intaneti, ni mashine gani inayopokea barua za jina lililo baada ya alama ya @. Ikishaipata huibishia hodi: inajitambulisha kwa HELO au EHLO, inamtaja mtumaji kwa MAIL FROM na mpokeaji kwa RCPT TO, kisha inasema DATA na kumimina barua nzima pamoja na viambatisho vyake. Mstari wenye nukta moja tu ndio unaotangaza mwisho. Seva ya pili ikijibu 250, barua imevuka.

Namba hiyo ina uzito. Kwa kanuni za SMTP, seva inayoitoa imebeba dhamana ya kuifikisha barua, au kumjulisha mtumaji ikishindwa. Seva ya mtumaji nayo huiondoa barua hiyo kwenye foleni yake. Baada ya hapo SMTP haina amri yoyote ya kuirudisha, na mimi naona ni heri isiwepo. Ingekuwepo, anayemtishia mtu kwa barua pepe angefuta ushahidi akiwa kwake, na mwajiri aliyeahidi kazi kwa maandishi angeivuta ahadi yake usiku mtu amelala.

Basi vile vitufe hufanya nini? Kile cha Gmail, kilichoanza kama jaribio mwaka 2009 na kuwa rasmi 2015, huichelewesha barua tu. Unachagua sekunde 5, 10, 20 au 30, na katika muda huo barua bado haijatumwa kwa mpokeaji. Apple nao walileta utaratibu kama huo mwaka 2022. Muda ukipita, kitufe hutoweka.

Outlook ya Microsoft ina njia tofauti. Kwa utaratibu wake wa zamani, hutuma barua ya pili yenye ombi la kuifuta ile ya kwanza. Ombi hufanikiwa iwapo mtumaji na mpokeaji wamo kwenye mfumo mmoja wa barua wa Exchange, yaani kwa kawaida ofisi moja, na mpokeaji hajaifungua barua. Likienda nje ya ofisi, mpokeaji huona tu taarifa kwamba fulani anataka kuirudisha barua yake, na taarifa hiyo humvutia kuisoma. Mwaka 2023 Microsoft walihamishia kazi hii kwenye seva zao, na sasa hata barua iliyokwisha kusomwa inaweza kuondolewa. Lakini bado ni ndani ya taasisi ile ile. WhatsApp, kinyume chake, huweza kumfutia kila mtu ujumbe kwa sababu kampuni moja inaendesha seva na programu za pande zote mbili.

Kwa hiyo, kama unatumia Gmail, nenda kwenye mipangilio leo, uongeze sekunde ziwe 30. Andika barua kwanza, anwani iwe ya mwisho. Nyaraka nyeti usiziambatishe: ziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni, utume kiungo kinachomruhusu mtu mmoja tu. Ukigundua kosa, ondoa ruhusa hiyo na kiungo hakitamfungulia tena, ingawa nakala aliyokwisha kuipakua itabaki kwake.