Moyo Huzoea Shida Fupi, si Shida Isiyokwisha



Mtu anayeshika panga shambani kwa mara ya kwanza hutoka malengelenge mikononi. Akifanya kazi kidogo kidogo na kupumzika, ngozi huota sugu na mpini haumuumizi tena. Akilazimishwa kukata mfululizo tangu siku ya kwanza, ngozi huchunika ikawa kidonda. Moyo nao una tabia inayofanana na hiyo, na inafaa sisi tunaoishi kwa nguvu za mwili tuielewe.

Moyo ni msuli, na una mishipa yake yenyewe ya damu inayoulisha. Mshipa mmoja ukiziba, sehemu inayoutegemea hukosa hewa ya oksijeni, na baada ya muda huanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Mwaka 1986 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, yaani Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer, walitangaza matokeo ya majaribio waliyowafanyia mbwa. Kundi moja lilizibwa mshipa wa moyo kwa dakika 40 mfululizo. Kundi jingine kwanza lilizibwa dakika 5 na kuachiliwa dakika 5, mara 4. Kisha likazibwa dakika 40 kama wenzao. Mtu angedhani kundi hili litaumia zaidi. Ikawa kinyume: sehemu ya moyo iliyokufa ilikuwa kama robo tu ya ile ya kundi la kwanza.

Sababu ni kwamba shida fupi huzifanya chembe hai za moyo zitoe kemikali, mojawapo ikiwa adenosini, ambazo huamsha kinga. Moyo huanza kutumia akiba yake ya nguvu polepole zaidi. Kinga hiyo hudumu saa moja au mbili, hupotea, kisha hurudi kesho yake kwa kiasi kidogo na kukaa siku mbili tatu.

Hata hivyo, yako mambo matatu ya kushika.

Kwanza, kinga hii ina mpaka. Wataalamu hao hao walipouziba mshipa kwa saa 3, maandalizi yale hayakusaidia kitu.

Pili, kazi isiyo na mapumziko si maandalizi ya moyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Tatu, usijitibu mwenyewe. Madaktari wa Ulaya walijaribu kuubana na kuuachia mkono wa mgonjwa kwa kifaa cha kupimia shinikizo la damu. Matokeo ya mwaka 2019, kutoka kwa wagonjwa zaidi ya 5,000 wa shambulio la moyo, hayakuonyesha faida. Ukibanwa na kifua, au maumivu yakienda begani na mkononi, acha kazi, mwambie mwenzako, nenda hospitali mara moja.

Basi msimamizi akikwambia kwamba kazi ngumu mfululizo humkomaza mtu, mjibu hivi: dakika 5 za shida ziliusaidia moyo kwa kuwa kila mara zilifuatwa na dakika 5 za kupumzika.