Mashine Hutoboa Mlima, Lakini Mwamba Ndio Huamua

Sisi wa Katoro tunaishi na wachimbaji wa dhahabu. Kila mchimbaji anajua kuwa duara moja halifanani na jingine. Penye mwamba mzima, ukuta husimama wenyewe. Penye udongo laini, bila matimba kifusi humfukia mtu. Mashine kubwa za kutoboa milima nazo hukutana na jambo hilo hilo.

Mashine hizi ni za kazi gani? Umeme wa maji unahitaji maji yanayoshuka kwa nguvu ili yazungushe mitambo. Mahali pengine mlima umesimama kati ya bwawa na mitambo. Basi hutobolewa handaki, maji yapite ndani ya mlima.

Mbele ya mashine kuna gurudumu kubwa lenye visahani vya chuma kigumu. Gurudumu linazunguka huku likisukumwa kwa nguvu, na visahani vinavunja mwamba vipande vipande. Nyuma yake ukuta huweza kujengwa kwa zege.

Mwamba mgumu sana hula visahani, na kazi huenda polepole. Lakini ukiwa mzima, hauporomoki ovyo. Hatari kubwa ipo pale mwamba ulipokatika zamani za kale. Hapo mawe yamesagika, na maji yakijaa huwa tope.

Hayo yalitokea Ethiopia, kwenye mradi wa Gilgel Gibe II. Handaki lake lina urefu wa kilomita 26 hivi. Mwaka 2006 mashine moja ilifika penye mwamba mbovu. Tope likaisukuma nyuma, ikanasa. Ikabidi ichimbwe njia ya kupita pembeni. Mradi ulizinduliwa Januari 2010. Siku chache baadaye sehemu ya handaki iliporomoka, na umeme ukasimama kwa miezi mingi.

Tunajifunza nini? Mashine ikishaingia mlimani, haigeuki kama baiskeli. Kwa hiyo wataalamu hutoboa kwanza matundu membamba, wakatoa vipande vya mwamba na kuvichunguza. Hata kazi ikiendelea, hutoboa tundu mbele ya mashine, wajue kama kuna maji au mwamba mbovu.

Nasi ni hivyo hivyo. Ukiona ukuta wa duara unatoa maji, au mwamba unageuka tope, usiseme "tumalizie kwanza." Toka, na uwatoe wenzako. Matimba yana gharama, lakini uhai wa mtu haununuliwi.