Umechaguliwa kamati ya kituo cha watoto? Kazi yenyewe ndiyo hii

Mkutano wa wazazi ukifika kwenye ajenda ya kuchagua kamati, wengi huinamia simu zao. Kazi haina mshahara, vikao vinakula Jumamosi na lawama hazikosekani. Mwishowe huchaguliwa mwenye sauti kubwa, au yule ambaye hakuhudhuria.

Hasara yake huwafikia watoto. Vituo vya kijamii vya kulelea watoto mchana huendeshwa zaidi kwa michango ya wazazi na nguvu za wakazi. Kamati ikilala, uji hukosa sukari, kisha hukosa unga. Mlezi asiyelipwa posho yake akipata kazi kwingine huondoka, na mtoto aliyemzoea hubaki akilia mlangoni.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ya 2021/22 hadi 2025/26 ilijengwa juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Mjumbe anaweza kuyageuza kuwa maswali ya kila kikao. Je, chooni kuna maji na sabuni? Uji wa leo una nini ndani? Mlezi mmoja anaangalia watoto wangapi? Nani hajaonekana wiki hii, na nani amekwenda kumjulia hali?

Kuhusu fedha, anayekusanya michango asiwe yeye tena anayenunua na kuandika daftari. Risiti zitunzwe, na hesabu ya mwezi ibandikwe ukutani au itumwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kama unga unanunuliwa dukani kwa shemeji yako, sema mapema na ukae pembeni wakati wenzako wanaamua.

Lililo zito kuliko fedha ni usalama. Mtoto akidaiwa kupigwa au kufanyiwa ukatili, kuna watakaosema, "Tuyamalize wenyewe, tusichafue jina la kituo." Kamati haina mamlaka hayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116 bila malipo, hata kama anayetuhumiwa ni mlezi anayependwa na wote au mwenyekiti wako.

Mzazi mwenzangu, kama nafasi ya kuingia kamati huna, hudhuria mkutano ujao na uombe kusomewa hesabu. Kamati inayojua itaulizwa hufanya kazi yake.