Sura ya 7: Mgongo Kuuma Si Mwendo

Haziishi wiki mbili bila kijana kuniingizia gari uani likiwa limelala chini kama mjusi, tumbo limebakiza vidole vitatu kugusa zege. Hushuka ameshika kiuno, anatabasamu. "Shikamoo mzee. Nimelikaza." Marahaba, namjibu, kisha namuuliza: umelikaza lifanye nini? Hapo huanza kukuna kichwa. Kwa hesabu yake, mgongo ukiuma na kila kishimo kikisikika mpaka kwenye meno, basi lazima gari limeongeza mwendo. Sura hii nimeiandika kwa ajili yake.

Mpango wangu ulikuwa safi kabisa. Nilitaka tufuate utaratibu ambao fedha inapaswa kutoka mfukoni: matairi, halafu alaimenti na bushi, halafu shokapu, halafu stabilaiza, na mwisho wa yote springi. Tutajitahidi.

Lakini kwanza tuondoe uongo mmoja mkubwa, kwamba gari likikazwa uzito hauhami kwenye kona. Unahama. Chukua gari la kilo 1,000, kitovu chake cha uzito kiwe nusu mita juu ya ardhi, na kati ya tairi la kushoto na la kulia kuwe na mita 1.4. Likikata kona kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake lenyewe, kilo zipatazo 357 zitatoka kwenye matairi ya ndani ya kona na kuhamia ya nje. Piga hesabu mwenyewe: 1,000 mara 0.5, gawanya kwa 1.4. Sasa nitafutie springi ndani ya hesabu hiyo. Haimo. Ukifunga springi za lori, kilo zitahama karibu zilezile. Kinachobadilika ni mambo mawili tu: gari litainama kiasi gani, na kati ya hizo kilo 357 ngapi zitabebwa na ekseli ya mbele na ngapi na ya nyuma.

Hilo la pili ndilo lenye utamu wote, kwa sababu tairi lina tabia moja ya uchoyo. Ukiliongezea mzigo mara mbili, halikuongezei mshiko mara mbili; hukupunja. Kwa hiyo ekseli itakayotwishwa sehemu kubwa ya uzito unaohama ndiyo itakayoteleza kwanza. Kaza mbele peke yake, gari litakataa kona na kwenda na pua yake. Kaza nyuma peke yake, mkia utatoka. Kaza kote kwa uwiano uleule, kuinama kutapungua na gari litaitikia usukani mapema kidogo, lakini tabia yake ni ileile uliyokuwa ukiilalamikia.

Uongo wa pili unaniudhi zaidi kwa sababu hufanywa kwa msumeno. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiikata mzunguko mmoja, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20. Ni kweli, imekuwa ngumu. Lakini gari limeshuka kuliko ugumu huo unavyoweza kulisaidia, na ule mwisho uliokatwa haukai tena vizuri kwenye kikombe chake. Wapo wasiokata, wanaipasha moto kwa gesi mpaka inyong'onyee. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani kwa joto la kupimwa. Ukikichoma kwa macho umekigeuza waya wa kawaida, na kitaendelea kusinyaa wiki baada ya wiki. Sitabishana na mtu juu ya hili.

Tena, kwa Impreza za zamani na magari mengine mengi ya mpango wa MacPherson, ambapo shokapu ndiyo nguzo inayoshika gurudumu kwa juu, kushusha kupita kiasi kunaleta balaa ambalo halionekani. Chungulia chini ya gari la kiwandani utaona mkono wa chini ukishuka kutoka kwenye bodi kwenda kwenye gurudumu, au umelala sawa. Lishushe sana, mkono ule unainuka kuelekea gurudumu. Sasa, kila gari lina nukta ambayo bodi huizunguka linapoinama, na mahali pa nukta hiyo panategemea mwinamo wa mikono hiyo. Ukishusha gari sentimita 4, kitovu cha uzito kinashuka sentimita 4, lakini ile nukta inaweza kushuka zaidi ya hapo. Umbali kati yake na kitovu cha uzito ndio mpini ambao uzito huushika kuliinamisha gari. Umeurefusha mpini! Gari lililo chini zaidi sasa lina hamu zaidi ya kuinama, na likiinama tairi la nje linasimama kwa ukingo wake wa nje badala ya kukanyaga kwa unyayo mzima.

Kijana mmoja alinibishia sana juu ya hayo. Impreza yake ilikuwa ikikataa kona, naye alikuja kuuliza springi ngumu zaidi ya hizo alizokuwa nazo. Tukaenda kwenye uwanja wa vumbi tukapanga ndoo tatu za plastiki. Nilipandisha soksi ya mpira inayokinga shokapu ya mbele, nikafunga kwenye fimbo yake ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, nikaisukuma chini mpaka ikagota kwenye mwili wa shokapu. Gari likiwa limesimama nilipima nafasi iliyobaki kati ya mwili huo na kile kipira cha kikomo kilichovikwa juu ya fimbo: milimita 14. Kidole gumba changu ni kinene kuliko hapo. Akazungusha mara mbili, akarudi. Nilichuchumaa na tochi. Kamba ilikuwa imepanda mpaka mwisho, imekwama ndani ya kipira, kichwa chake kimepondeka.

"Unaona?" nikamwambia. "Wewe kwenye kona huendeshi kwa springi. Unaendesha kwa kipira." Mbele kulikuwa kunagota, ugumu unaruka ghafla mara kadhaa, tairi la mbele la nje linatwishwa kila kitu kwa mkupuo, gari linakataa kona. Na dawa aliyoitaka ilikuwa ileile iliyomletea ugonjwa.

Hapa ndipo mpango wangu unapovunjika, maana siwezi kutaja nafasi ya shokapu nikaiacha Peugeot 404. Mwaka 1966, na tena 1967, Bert Shankland wa hapa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mbio za East African Safari kwa 404. Mwaka 1963 na 1968 walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa 404 vilevile, na katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,618, wala si ya kumtisha mtu. Mbele ilikuwa na mpango wa MacPherson, ndugu wa damu wa ule ulio chini ya Impreza ya kijana wangu. Nyuma ekseli nzima na springi za mzunguko. Karatasi ya vipimo hata huoni sababu ya kuisoma mara mbili.

Lakini springi zilikuwa laini, gurudumu lilikuwa na safari ndefu ya kupanda na kushuka, na Peugeot walikuwa wakitengeneza shokapu zao wenyewe, zikipimwa kwa springi hizohizo na uzito huohuo. Gurudumu linaingia kwenye korongo, linatoka, bodi ya gari haina habari. Tairi linashika ardhi muda wote, na tairi lililoshika ardhi ndilo linalogeuza, linalofunga breki na linalosukuma. Lililo hewani halifanyi lolote, hata ukililipia dola 300.

Najua, otokrosi, yaani zile mbio fupi za uwanjani ambazo vijana hukazia magari, si Safari. Hakuna anayelala njiani, na mzunguko mmoja ni suala la dakika chache au chini ya hapo. Lakini wenzetu wa Kenya huendesha otokrosi kwenye udongo, Jamhuri Park jijini Nairobi ikiwa mojawapo ya viwanja vyake, na udongo hauko vile ulivyokuwa asubuhi: kila gari linalopita linachimba, mpaka jioni kona ya kawaida imekuwa mfereji. Gari la milimita 14 hapo ni la kuchekesha watu. Na kama wewe ni wa lami na koni, kama Wamarekani wanaopanga njia zao kwenye maegesho na viwanja vya ndege vya zamani, tazama kanuni za chama chao cha SCCA. Katika madaraja yanayoitwa Street, springi lazima zibaki za kiwandani. Unaruhusiwa kubadili shokapu, na stabilaiza moja, ya mbele au ya nyuma. Na madereva wa madaraja hayo, wanapokutana Lincoln, Nebraska, kugombea ubingwa wa nchi, wana kasi ya kumwaibisha mtu mwenye gari lililokatwa.

Kwa hiyo shokapu. Kwanza, shokapu haibebi gari. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto. Pili, watu husikia "mwendo wa chini" na "mwendo wa juu" wakadhani ni mwendo wa gari. Ni mwendo wa fimbo. Ukigeuza usukani au ukikanyaga breki, bodi inainama taratibu na fimbo inatembea polepole. Gurudumu likigonga tuta, fimbo inaruka. Unaweza kuwa na mwendo wa kilomita 30 kwa saa na fimbo iko kwenye mwendo wa juu kabisa. Tatu, na hili ndilo kosa la kila mwenye shokapu mpya zenye kitufe: kukaza sana upande wa kufunguka. Kwa siku ya kwanza gari linaonekana limetulia ajabu. Limetulia kwa sababu magurudumu hayawahi kurudi chini kabla ya tuta linalofuata, na gari linajikunja chini tuta kwa tuta mpaka linakaa, nadhani mnakumbuka, kwenye kipira. Anza karibu na upande laini. Ongeza kliki mbili, kimbia, andika. Mzunguko wa mwisho rudisha ulipoanzia, kimbia tena, uone kama ni gari lililoboreka au ni wewe uliyeizoea njia. Mara nyingi ni wewe.

Stabilaiza, ule upau wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ndiyo njia ya bei nafuu ya kuhamisha kazi kati ya mbele na nyuma, ila usidanganywe na milimita. Ugumu wake unafuata unene kwa kipeo cha nne, hivyo ya milimita 22 badala ya 20 ni ngumu zaidi kwa asilimia 46. Kwenye udongo iwe nyepesi.

Springi, nikiwa nimebakiza nafasi ndogo: acha kuuliza "fulani ametumia kilo ngapi kwa milimita". Katika Mazda MX-5 ya kwanza, ile ya 1989, springi imekaa ndani zaidi kuliko tairi. Gurudumu likipanda sentimita 1, tuseme springi inabanwa milimita 7; basi ugumu unaofika kwenye tairi ni 0.7 mara 0.7, yaani asilimia 49 tu ya ulioandikwa kwenye boksi. Katika Impreza unafika karibu wote. Ukinakili namba ya MX-5 na kuiweka kwenye Impreza umekaza karibu mara mbili ya mwenzako bila kujua. Pima kwenye gurudumu. Kilo 250 za bodi juu ya ugumu wa niutoni 25 kwa milimita hudunda mara 1.6 kwa sekunde, na kwa gari linalokwenda pia sokoni hapo panatosha.

Matairi na alaimenti nilipaswa kuanza navyo, na ndivyo vya kununua kwanza. Paka chaki kwenye bega la tairi la mbele, kimbia, tazama imefutika mpaka wapi. Ikifutika kuvuka bega, tairi linalalia ubavu: ongeza upepo, au ongeza kemba, yaani laza kichwa cha tairi kuelekea ndani. Kwenye lami gari la MacPherson hufurahi likiwa na nyuzi 2.5 hadi 3.5 mbele, kwenye udongo punguza. Bushi zilizochoka badilisha kabla ya fundi wa alaimenti hajagusa chochote, vinginevyo anapima upepo. Lile bomba jekundu linalounganisha vichwa vya shokapu chini ya boneti, kama bodi yako ni nzima, ni pambo.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja mwaka huu, nunua matairi. Na springi za kiwandani usiziuze. Zifunge gunia, ziweke stoo. Wengi walioniletea magari yaliyokatwa walirudi kuzitafuta kwa watu waliowauzia.